Tamthilia ikianza, msusi wangu anatoka nje

SWALI

Shikamoo daktari. Nina saluni ya kike hapa Nkuhungu, Dodoma, na wasusi watatu. Kila jioni tunafungulia tamthilia moja, siku hizi kuna wateja wanaokuja kusuka muda huohuo makusudi. Inahusu mama aliyeolewa na mfanyabiashara anayeheshimika, mzee wa kanisa, lakini ndani ya nyumba anampiga. Majuzi alimvunja mkono. Mama akakimbilia kwao, mjomba wake akamrudisha kwa mumewe, naye akakubali kurudi. Saluni nzima ililipuka. Mmoja akasema, "Huyu anapenda kipigo." Mwingine akasema, "Ningekuwa mimi ningemmwagia maji ya moto akiwa amelala." Wengine wakasema karogwa. Mama mmoja mtu mzima akasema ndoa ni kuvumilia, hata sisi tulivumilia. Mimi nami nilichangia na tukacheka sana. Katikati ya kelele hizo nikamwona msusi wangu mmoja, binti mwenye mume na mtoto mdogo, mikono imeganda kwenye kichwa cha mteja. Akaweka kitana chini akatoka. Tangu siku ile tamthilia ikianza hakosi kazi ya nje: kuchota maji, kuanika taulo, kwenda kununua vocha. Naomba kuuliza: kwa nini sisi wanawake ndio tunaomsema vibaya mwanamke mwenzetu? Je, nizime TV? Na huyu binti nimuulize au nimwache, maana sipendi kuingilia ndoa ya mtu?

Mwenye saluni, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, dada. Swali lako la tatu nalijibu kwanza kwa ufupi, maana ndilo lenye mtu anayesubiri: ndiyo, zungumza na binti huyo. Zungumza naye mkiwa wawili, taratibu, kwa namna nitakayoieleza huko chini. Lakini kabla ya hapo kuna kazi ya kufanya ndani ya saluni yenyewe, na ukiielewa hiyo utakuwa umepata majibu ya maswali yako mawili ya mwanzo.

Sijui kama binti huyo anapigwa, na wewe pia hujui. Tukubaliane hapo. Mtu anaweza kuganda mbele ya tamthilia kwa sababu anayoyaona ndiyo yaliyotokea kwake jana usiku. Anaweza kuganda kwa sababu ndivyo mama yake alivyokuwa akipigwa, yeye akiwa mdogo amejifunika shuka, anasikiliza. Anaweza kuwa ana dada aliye kwenye hali hiyo na hana la kumfanyia. Katika kazi yangu ya unasihi nimekutana na watu wa aina zote hizo, na miili yao hufanya mambo yaleyale: moyo unaenda mbio, mikono inapoa, kifua kinabana, wengine wanapata kichefuchefu. Mwili uliowahi kuumizwa hauulizi kama anayepiga ni mwigizaji. Unasikia mlango ukibamizwa, unajiandaa. Kwa hiyo anapotoka nje anajilinda, na ana haki ya kujilinda. Usimwite arudi ndani, usimtanie kwamba anaogopa TV, na wenzake pia usiwaache wamtanie.

Ninachotaka ukione vizuri zaidi ni hiki: picha ya yule mama akivunjwa mkono huenda ilimuumiza binti, lakini kilichomfunga mdomo ni maneno yenu. Mtu anayeishi na siri ya namna hii hupima watu kila siku. Hatakuuliza, "Nikikuambia, utanicheka?" Anasubiri litokee la mtu mwingine asikie utasemaje. Tamthilia inampa nafasi hiyo kila jioni bila yeye kujitaja. Na jioni ile, kwa dakika chache tu, alipata majibu ya maswali ambayo hakuwa ameyauliza. Akisema anapigwa na bado anaishi na mumewe, ataitwa anayependa kipigo. Akikiri kwamba hana ujasiri wa kumwaga maji ya moto, ataonekana mjinga. Akienda kwa mtu mzima, ataambiwa avumilie. Na mwajiri wake, mtu mwenye uwezo wa kumsaidia kuliko wote waliokuwa humo ndani, alikuwa anacheka. Siandiki hivi ili kukulaumu. Wewe umeona mikono ikiganda, na ukaona vibaya kiasi cha kuandika barua. Wengi hawaoni.

Sasa kwa nini wanawake ndio wamseme mwanamke? Sababu ya kwanza ni hofu, hata kama kwa nje inaonekana kama kicheko. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, waliwaonyesha wanafunzi wa kike, kupitia televisheni, mwenzao akijibu maswali na kupigwa shoti ya umeme kila anapokosea. Shoti hazikuwa za kweli, ila watazamaji hawakujua. Mwanzoni waliumia. Lakini wale walioamini kwamba mateso yataendelea na wao hawana la kufanya, walianza kumshusha yule binti thamani, wakamwona mtu asiyevutia na asiyestahili sana. Waliopewa nafasi ya kumwondoa kwenye mateso hawakumdharau kiasi hicho. Mimi matokeo hayo huwa nayakumbuka kila ninaposikia watu wakiitazama tamthilia ya ndoa. Tunapoona mtu anaumizwa bila kosa na hatuwezi kumsaidia, dunia inatutisha, kwa sababu na sisi tumeolewa, na sisi tuna mabinti. Tukimtafutia kosa, tunapumua. Kama ana kosa, basi yaliyompata hayawezi kunipata mimi. Yule aliyesema angemwaga maji ya moto alikuwa anajipa kinga hiyohiyo kwa njia nyingine.

Soma tena barua yako uangalie jambo moja. Katika maneno yote uliyoniandikia kutoka saluni, hakuna hata mmoja aliyemhoji mwanaume kwa alichofanya. Mkono umevunjwa, na mjadala wote ni kuhusu mwenye mkono: anapenda kipigo, karogwa, avumilie, amwage maji. Aliyeuvunja hakuulizwa chochote. Hilo la kurogwa nalo lina madhara yake, maana likishasemwa jambo linahamia kwa waganga na hakuna tena mtu wa kuwajibika.

Sababu ya pili ni malezi, na hapa takwimu zinasema wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 uliwauliza Watanzania wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutojali watoto au kumnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja kati ya hizo. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Watu wakisikia hivyo husema wanawake ndio adui wa wanawake, na mimi sikubaliani nao. Mwanamke aliyekua akiona kipigo kinakuja kwa sababu fulani huzishika hizo sababu kama mtu anayevuka barabara ya magari mengi: anataka kujua gari linatokea upande gani. "Usibishane naye, usichelewe sokoni, chakula kisiungue." Anaamini akizishika zote, atabaki salama. Akimwona mwingine kapigwa, anatafuta ni sababu ipi aliisahau. Yule mama mtu mzima aliyesema "hata sisi tulivumilia" alikuwa anakueleza maisha yake. Umsikilize kwa masikio hayo. Na ninakuomba usimfokee, kwa sababu akidhalilishwa mbele ya mabinti, naye atafunga mdomo, na mwenye ushuhuda mkubwa kuliko wote humo ndani anaweza kuwa yeye.

Ya tatu inahusu huyu mjomba aliyemrudisha. Kwetu huku, kwa Wagogo na kwa jirani zetu wengi, mahari ilikuwa ng'ombe na mbuzi, na kwenye familia nyingi bado ni hivyo, hata pale wanapohesabiwa kwa fedha. Ng'ombe wale hawakai zizini wakisubiri. Wamegawanywa, mjomba ana fungu lake, wengine wamemuoza kaka wa binti huyohuyo. Ndoa ikivunjika, kuna wanaoogopa kudaiwa. Kwa hiyo mjomba anapomshika mpwa wake mkono na kumrudisha kwenye nyumba anayopigwa, anaweza kuwa anampenda kweli na wakati huohuo analinda zizi. Watunzi wa tamthilia hawakutunga hilo kutoka hewani. Ndiyo maana hakuna mteja wako aliyeshangaa alipomrudisha. Walimshangaa mama kwa kurudi, kana kwamba alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Na hapo ndipo televisheni inapotudanganya kidogo, hata ile iliyoandikwa kwa nia njema. Kwenye tamthilia kipigo kinaonekana: kuna kofi, kuna damu, kuna muziki. Yaliyotangulia hayaonekani kwa sababu hayana mvuto wa kutazama. Simu inayokaguliwa kila jioni. Hela ya kazi inayopokelewa na mume. Kitambulisho cha NIDA alichokificha. Kukatazwa kwenda kwenye msiba wa shangazi. Kuambiwa kila siku kwamba bila mimi wewe si kitu, mpaka mtu anaanza kuamini. Mwanamke anapofikia kuvunjwa mkono huwa tayari amekatiwa njia nyingi za kutokea, na mtazamaji ambaye hakuona zikikatwa anauliza kwa uchungu wa kweli, "Si aondoke?" Tena kwenye tamthilia anayeondoka ana rafiki mwenye nyumba kubwa na chumba cha wageni. Huku mtaani anayeondoka anatafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, na mtoto anahitaji uji kesho asubuhi. Wanaorudi huwa wamepiga hesabu hizo. Wengine wanarudi kwa sababu mume amelia, ameomba msamaha, na kwa wiki kadhaa anakuwa yule waliyempenda. Matumaini hayo si ujinga.

Umeuliza kama uzime TV. Hapana. Nina sababu, na mojawapo ni ya hapahapa Dodoma. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati", wenye dereva wa lori Mkwaju na vimada wake wa njiani, na mkewe Tunu. Ulirushwa nchi nzima isipokuwa eneo la kituo cha Dodoma, ambako hadi mwaka 1995 wasikilizaji walipata vipindi vingine ili watafiti waweze kulinganisha. Baada ya hapo nasi tukasikilizishwa. Walipolinganisha waliona kwamba walioufuatilia walikuwa wanatumia uzazi wa mpango zaidi, na njia mojawapo iliyowafikisha huko ni mazungumzo: mke na mume walikuwa wameanza kuyaongea mambo ambayo zamani hayakuongelewa. Mchezo ulifungua mdomo, mengine yakafanywa na watu wenyewe.

Kwa jirani zetu Uganda nako, mwaka 2016, watafiti walionyesha video fupi za maigizo kwenye vijiji 112: vingine waliwekewa za mwanamke anayepigwa, vingine za mada tofauti ili kulinganisha. Kilichonigusa kwenye matokeo yale ni kwamba maoni ya watu kuhusu ubaya wa kumpiga mke hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni utayari wa wanawake kutoa taarifa, kwa sababu waliona kwenye igizo mtu akisema na majirani wakimsikiliza badala ya kumwita mmbeya. Miezi iliyofuata, ukatili kwenye vijiji vilivyoona igizo la kipigo ulipungua. Kwa hiyo huhitaji kubadilisha imani ya kila mteja anayekaa kwenye kiti chako. Inatosha wasikie kwamba kwenye saluni hii mtu akisema atasikilizwa.

Fanya hivi. Jioni yoyote tamthilia ikifika kwenye kipande cha namna hiyo na watu wakaanza, sema wewe, kwa sauti yako ya kawaida, ukiendelea na kazi: "Mimi swali langu ni kwa huyo mwanaume, mkono wa mwenzake anauvunjia nini?" Usihutubie. Siku nyingine sema: "Jamani, mjomba amemrudisha, yeye angelala wapi?" Siku nyingine muulize yule mama mtu mzima, kwa heshima yake yote: "Mama, ninyi mlipovumilia, kuna aliyewahi kuwauliza mnaendeleaje?" Halafu nyamaza, umwache ajibu. Nimeona swali kama hilo likibadilisha chumba kizima. Na mtu akisema tena "anapenda kipigo", huna haja ya kugombana na mteja. Mwambie, "Hakuna anayependa, dada, tumwonee huruma tu," na ugeuze mazungumzo. Binti yupo nje na taulo zake, lakini mlango uko wazi, anasikia. Ukisema hivyo mara moja hataamini. Ukisema kwa wiki kadhaa ataanza kukupima upya.

Nimeulizwa sana kuhusu wanaume wanaotazama tamthilia hizi na wake zao. Kwa ufupi: mume akisema mbele ya televisheni "huyo mwanamke mdomo wake ndio unamponza", mke amesikia onyo, awe alikusudia au hakukusudia. Na mume anayesema "huyo jamaa ana matatizo, atafute msaada" amefanya kazi kubwa ndani ya nyumba yake kwa sentensi moja, hasa kwa watoto wa kiume waliokaa chini kwenye mkeka.

Sasa binti. Chagua muda ambao yeye ndiye wa mwisho kuondoka au wa kwanza kufika, na hakuna mteja. Usitumie simu. Usimtumie meseji wala ujumbe wa sauti kuhusu jambo hili hata kidogo, kwa sababu hujui nani anaisoma simu yake usiku. Usianze na "Eti mumeo anakupiga?" Swali hilo linamlazimisha achague kati ya kumsaliti mumewe na kukudanganya wewe, na wengi watakudanganya, kisha wataona aibu kurudi kusema kweli. Anza na ulichokiona wewe mwenyewe: "Mwanangu, nimeona ile tamthilia inakusumbua. Siku ile tulicheka, na naona hatukufanya vizuri. Sikulazimishi uniambie kitu. Nataka tu ujue kwamba ukiwa na jambo lolote, hapa kwangu hakuna atakayekucheka, na halitatoka nje." Kisha kaa kimya. Ukimya huo ni mgumu, utatamani kuujaza. Usiujaze.

Akisema "hamna kitu, mama", pokea, mwambie sawa, na mwendelee na kazi. Umeshaacha mlango wazi. Wapo wanaorudi baada ya mwezi, wapo wanaorudi baada ya mwaka.

Akisema, msikilize mpaka mwisho kabla ya kusema lolote, na neno lako la kwanza liwe "Pole, na ninakuamini." Usimuulize alifanya nini mpaka akapigwa. Usimwambie "mwache leoleo". Najua linatoka kwenye uchungu, ila hatari kwa mwanamke mara nyingi hupanda pale anapotangaza kwamba anaondoka na siku za mwanzo baada ya kuondoka, kwa hiyo kuondoka kunahitaji mpango na siri. Usimpigie mumewe simu kumwonya, usiende kumwambia mchungaji au shehe wao bila ruhusa yake, na usiitishe kikao cha kuwapatanisha pale saluni. Mume akijua kwamba siri imetoka kabla ya mke kuwa mahali salama, atakayelipa ni mke. Ulisema hupendi kuingilia ndoa ya mtu. Kumsikiliza mfanyakazi wako na kumwachia yeye uamuzi si kuingilia ndoa.

Kuna mambo ukiyasikia hayasubiri mwezi wala mwaka. Kama amewahi kukabwa shingo, hata mara moja, hata kama hakubaki na alama, hiyo ni dalili ya hatari kubwa ya kuuawa, na aende hospitali, kwa sababu majeraha ya ndani ya koo yanaweza kujitokeza baadaye. Kama ametishiwa kwa panga au kisu. Kama mume anasema atamuua kisha ajiue. Kama ni mjamzito na anapigwa. Kama kipigo kimeanza kuongezeka. Hapo mwambie wazi kwamba unaogopa kwa ajili yake, na muulize usiku wa leo atalala wapi.

Vyombo vya kumsaidia vipo, ingawa sitakuficha kwamba kuvifikia kunachosha. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, lenye chumba chake na askari waliofundishwa kazi hiyo. Aombe kupelekwa huko, asimulie mezani mbele ya foleni pale tu anapokosa namna. Akiwa ameumizwa atapewa fomu ya PF3, haiuzwi, aende nayo hospitali ijazwe na daktari. Hata kama leo hataki kesi, karatasi hiyo itamsaidia siku atakapotaka. Kwenye halmashauri ya jiji kuna maafisa ustawi wa jamii, na kwa watoto namba 116 inapigwa bila malipo. Kwa msaada wa kisheria, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Kwa upande wa moyo, Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya afya ya akili ya Mirembe zina wataalamu. Wengi wanaogopa jina la Mirembe, wanadhani ukionekana getini umeshakuwa kichaa, na hofu hiyo imewanyima watu wengi wa mji huu nafuu iliyo karibu nao. Kliniki ya nje unaingia, unazungumza na mtaalamu, unarudi nyumbani.

Yapo mambo matatu ya kisheria ambayo wanawake wengi hawajayasikia, na yanafaa kusemwa kwa sauti saluni, hata na mtu ambaye hana shida yoyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya mwilini. Imekuwepo zaidi ya miaka 50. Pili, mahakama kwa kawaida haipokei ombi la talaka mpaka shauri limepita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa. Sheria yenyewe inaruhusu kulivuka baraza pale penye mazingira ya pekee, kwa hiyo aliye hatarini aulize kabla ya kukaa meza moja na anayempiga. Tatu, wengi hubaki kwa kuamini watatoka mikono mitupu kwa kuwa hawakuwa na mshahara. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Kama atafika mahali pa kupanga kuondoka, wewe una kitu ambacho polisi na hospitali hawana: unaonana naye kila siku bila mumewe kushangaa. Saluni yako inaweza kutunza bahasha yenye nakala ya kitambulisho, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto na nauli ya kumfikisha kwao. Mnaweza kukubaliana neno moja la kawaida, tuseme jina la mtindo wa kusuka ambao hamsuki tena, ambalo akilisema kwa simu utajua anahitaji msaada. Mume akija kumuulizia, jibu lako liwe fupi na la adabu, usiingie kwenye malumbano, na wasusi wengine wasijue zaidi ya yeye anavyotaka wajue.

Na malipo yake: kama huwa unamtumia kwenye simu, muulize kama laini hiyo anaishika mwenyewe. Akisita, mpe taslimu mkononi, na akitaka sehemu yake ibaki kwako mpaka atakapoihitaji, iandikeni kwenye daftari mnalolijua ninyi wawili tu.